Eti "wamezoea"

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya kile kisa cha mtihani wa takwimu, itakuja tu. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira vichekesho havitoki.

Iko hivi. Wenzetu kumi na wanne walipanda Kilimanjaro mwezi wa saba kwa njia ya Marangu, wakarudi salama, watano wakafika Uhuru. Hongera zao, tena za dhati. Juzi usiku wakatuonyesha picha, projekta ya kuazima, juisi na karanga juu. Ikafika picha ya Kibo alfajiri: ngazi ya kibanda imeshika barafu nyeupe, na mbele yake amesimama kijana na dumu la maji begani, sweta moja, raba za mchangani. Dada mmoja nyuma yangu akauliza, jamani huyu hasikii baridi? Mwenye picha akajibu, "Ah, hao wamezoea." Watu wakacheka kidogo, picha ikapita.

Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu pia, ndiyo maana saa hizi saa saba usiku naandika badala ya kulala.

Niwaambie kwanza nimelijuaje hili. Likizo ya mwaka wa kwanza bumu liliniishia mapema (mnalijua lilivyo), na nyumbani kwetu ni Marangu, na baba mdogo ni mpagazi wa siku nyingi. Akanitafutia nafasi. Nikapanda mara mbili kama mpagazi, zote Julai. Kwa hiyo siongei kama mwanaharakati wa kwenye kiyoyozi, naongea kama mtu aliyewahi kupika uji wa wageni akiwa hazisikii ncha za vidole vyake.

Huku Dar kipupwe maana yake ni kulala bila feni. Kule kipupwe ni kitu kingine. Mandara, mita kama 2,700, bado uko msituni, unavumilia. Horombo, mita 3,720, unaamka unakuta maji ya kwenye ndoo yana kigae cha barafu. Kibo, mita 4,700 na ushee, usiku ni chini ya sifuri na upepo unapita chini ya mlango kama una ufunguo. Marangu ndiyo njia pekee ya mlima ule ambayo mgeni analala kwenye vibanda badala ya hema, na ndiyo maana watu huidharau na kuiita rahisi. Rahisi kwa nani?

Sasa hili neno "wamezoea". Mtu azoee wapi? Juu ya msitu hakuna kijiji. Hakuna Mchaga hata mmoja aliyezaliwa mita 4,000, wala babu yake hakulima huko, wala hatuna hata shamba la viazi huko. Sisi ni watu wa migombani. Wapagazi wengi siku hizi wanalala Moshi mjini, mita 800 na kitu, pamba moto, jasho, mbu. Asubuhi anatoka kwenye joto hilo, siku ya tatu yuko Kibo, mapafu yake ni yale yale kama yako wewe wa Sinza. Kichwa kinamuuma kama chako. Tofauti ni kwamba wewe kichwa kikikuuma unakaa chini, na mwongozaji anakuuliza umekunywa maji kiasi gani. Yeye akikaa chini, kesho jina lake halimo kwenye orodha.

Na hayo maji, mnajua yanatoka wapi? Kibo hakuna maji. Kuna mahali njiani kutoka Horombo panaitwa Maji ya Mwisho, na jina lenyewe linajieleza. Baada ya hapo kila kikombe cha chai, kila supu, kila maji ya kunawa uso ili picha itoke vizuri, yamepanda juu ya kichwa au bega la mtu, akipita lile jangwa la Tandiko na upepo ukimpiga ubavuni. Yule kijana kwenye picha alikuwa amembebea mpiga picha chai yake. Halafu anaambiwa amezoea.

Kama wamezoea, nielezeni kitu kimoja. Moshi kuna mradi unaitwa KPAP, ulianza 2003, kazi yake mojawapo ni kuwaazimisha wapagazi nguo za mlima bure: makoti, viatu, glavu, suruali za baridi. Baba mdogo ameazima pale mara nyingi. Watu waliozoea baridi wanafuata makoti ya nini?

Mimi sikujua habari za mradi huo safari yangu ya kwanza. Kampuni iliyotuchukua (jina naliweka kapuni) ilinipa blanketi moja, jepesi, la kufunikia mtoto. Usiku wa Kibo tulilala tumebanana, mgongo kwa mgongo, wawili kwenye godoro moja. Nyie mnaojua kubebana hosteli msidhani nalalamikia kubanana. Ule mbanano ndio uliotufikisha asubuhi. Baba mdogo aliniweka katikati. Alikuwa na kikohozi hata kabla ya kupanda, lakini pembeni kwenye ukuta alilala yeye.

Kuna mtu mwingine ambaye picha zenu hazina kabisa. Horombo nilimkuta mzee mmoja mtunza vibanda, simtaji jina, ambaye saa kumi na moja alfajiri anazunguka na birika la maji ya moto akiyamwagia mabomba yaliyoganda ili nyie mkiamka vyoo vifanye kazi. Mchana anapigilia mbao iliyolegea, anafagia matope ya viatu vyenu. Jioni nilimwona anasukuma machela, ile ya gurudumu moja, mgonjwa wa Kibo kafungwa juu yake, njia yote mawe. Nikamwambia shikamoo mzee, pole na kazi. Akaniambia, "Marahaba mwanangu, leo ni mteremko." Wageni wengi waliompita walidhani ni sehemu ya jengo.

Kwa mlima ule majina tunayajua kubadilisha. Mandara zamani kiliitwa Bismarck, na Horombo kikaitwa Peters, yaani Carl Peters huyo huyo mwenye mikono ya damu, mpaka vikapewa majina ya wamangi wetu. Safi sana. Ila wanaovifagia vibanda hivyo hatujui hata kuwaita.

Wanapata kutajwa kukiharibika kitu. Oktoba 2020 moto ulipowaka eneo la Whona, katikati ya Mandara na Horombo, taarifa za mwanzo zilisema umeanzia kwa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Chakula cha wageni, someni tena. Siku hiyo neno "wapagazi" lilisikika kwenye kila redio. Waliopanda kuuzima, wakiwemo wapagazi hao hao na wanakijiji na wanafunzi wenzetu wa Chuo cha Mweka, nao walitajwa, lakini ni moto ulioanza unaokumbukwa. Agosti 2022 intaneti ya kasi ikazinduliwa Horombo, na sina ugomvi nayo, inaweza kuokoa mtu. Ila nilicheka peke yangu nilipoona shangwe ya kurusha picha ukiwa mita 3,720, nikakumbuka lile blanketi.

Najua mtakavyonijibu. "Si wanalipwa? Ni kazi yao." Ndiyo, ni kazi, na ni kazi ya heshima, imenisomesha mimi na wadogo zangu. Mgeni wa nje kwa miaka mingi amelipa dola 60 za kitanda kwa usiku mmoja tu kwenye vibanda hivyo, bila kuhesabu kiingilio, basi msiniambie mlima hauna hela. Mzigo unapimwa getini na kikomo ni kilo 20. Sheria nzuri. Lakini kati ya hizo kilo za wenzetu, kwa maelezo yao wenyewe, kulikuwa na spika ya muziki na pasi ya kunyoosha nywele. Horombo! Mtu kabeba pasi ya nywele ya binti wa mwaka wa pili mpaka Horombo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Baada ya picha nilimuuliza mweka hazina wao bakshishi ilikuwaje. Akasema walipunguza, kwa sababu wao ni wanafunzi, na wale ni "watu wetu, wanaelewa." Wazungu waliokuwa kibanda cha jirani walitoa kamili, mbele ya wote, kila mtu mkononi mwake. Sisi ndugu tukatoa nusu, ndani ya bahasha moja, kwa mtu mmoja, tukapanda basi. Kwa hiyo uzawa wetu faida yake ni hiyo, punguzo?

Sisemi msipande. Pandeni, mlima ni wenu, na inaniuma kuona Watanzania wachache kule juu. Lakini ukishindwa bakshishi, shindwa kabla ya kuondoka, beba begi lako mwenyewe. Na usiku wa Kibo kabla hujalala waulize waliokubebea maji wamelala wapi na wamejifunika nini. Ni swali la dakika moja.

Baba mdogo anapanda tena Jumatatu ya wiki ijayo, kikohozi hakijaisha. Nimepata koti moja zito kwa jamaa wa jengo la tatu na soksi jozi nne. Mwenye glavu au kofia ya sufi aniletee kafeteria kesho saa saba, nitakuwa meza ya karibu na mlango. Basi la Moshi naondoka nalo Ijumaa. Mweka hazina, wewe nakusubiri kwa namna ya pekee.