AFYA YA MAMA: Mgongo, Pumzi na Swali la Yoga



Baada ya ibada ya akina mama, mwenzetu mmoja alituvuta kando. Amezaa watoto watano, na mgongo umemsumbua kwa miaka mitatu. Daktari alimshauri afanye mazoezi ya yoga, lakini aliogopa. Akaendelea kumeza vidonge vya maumivu kila siku, hadi tumbo likaanza kuwaka moto. "Sista," alituuliza, "nikifanya yoga si nitakuwa naabudu miungu mingine?"

Tunamjibu hapa kwa sababu tunajua hayuko peke yake.

Tuanze na ukweli. Yoga ilitoka India, na mizizi yake imo katika dini za huko. Hilo hatulifichi, na Wakristo wenyewe hawana msimamo mmoja juu yake. Lakini alichoagizwa mwenzetu ni kunyoosha viungo taratibu na kuvuta pumzi kwa utulivu. Maneno ya ibada ya dini nyingine hayahitajiki. Mama anayekwazwa na jina, aliache jina; mgongo haujui zoezi linaitwaje.

Wengi hudhani yoga ni ya kulainisha viungo au kupunguza unene tu. Faida nyingine hazisemwi sana.

Kwanza, mgongo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mwenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno aanze na tiba zisizo za dawa, na yoga ilitajwa kati ya hizo. Misuli ya tumbo na ya makalio ikipata nguvu, huusaidia uti wa mgongo kubeba mzigo. Vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Pili, pumzi. Mtu mzima akitulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha uchunguzi wa watu 23 wenye afya. Waliposali Salamu Maria ya Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika. Walipotamka maneno ya yoga, ikawa vivyo hivyo. Na pumzi zilipopungua, mwili ulirekebisha vizuri zaidi mapigo ya moyo na msukumo wa damu. Basi mama, sala inayosemwa bila haraka inautuliza mwili pia.

Tatu, mkojo unaoponyoka tunapocheka au kukohoa. Wengi wetu tunaona aibu kulisema. Wengine wameacha hata kwaya. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulifuata wanawake wa miaka 45 na kuendelea kwa wiki 12. Waliofanya yoga walipata nafuu. Waliofanya mazoezi mengine ya kunyoosha na kuimarisha misuli nao walipata nafuu inayokaribiana nayo. Kinachosaidia ni kufanya mazoezi bila kuacha.

Jaribu nyumbani, juu ya mkeka, kabla watoto hawajaamka:

1. Lala chali, kunja magoti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5.

2. Simama kwa mikono na magoti. Pandisha mgongo kama paka, kisha ushushe polepole. Rudia mara 8.

3. Lala chali tena, magoti yakiwa yamekunjwa. Inua kiuno, kaa hivyo kwa pumzi 3, shuka. Rudia mara 5.

Usijilazimishe, zoezi likileta maumivu, liache. Mjamzito aulize kliniki kwanza, na miezi ya mwisho asilale chali muda mrefu. Mwenye shinikizo la damu au presha ya macho asifanye mazoezi ya kuinamisha kichwa chini, wala asiache dawa zake. Maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, ganzi ya miguu au mapaja, au mkojo kuziba ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenzetu alirudi kwa daktari kwa ajili ya tumbo, kisha akaanza mazoezi haya matatu. Baada ya wiki nane alituambia anainama kufua bila kushika ukuta, na daktari amempunguzia vidonge. Tulipomwuliza kuhusu ile hofu yake, alicheka. Akasema wakati wa kuvuta pumzi huwaombea watoto wake watano, mmoja mmoja kwa jina.

Mama, tenga dakika kumi kesho asubuhi. Tuonane mwezi ujao.