Kaskazi na Kusi Zilivyofika Puge: Maoni Kuhusu Msamiati wa Upepo katika Kamusi za Kiswahili

Puge, mji mdogo wa Wilaya ya Nzega katika barabara iendayo Tabora, uko zaidi ya kilomita 600 kutoka baharini. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili wa hapo hawezi kumwelekeza mgeni njia bila kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Akisema kwamba Nzega iko kaskazini, ametaja upepo ambao kati ya Desemba na Machi ulikuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Akisema kwamba Tabora iko kusini, ametaja ule uliokuwa ukiyarejesha. Mashariki na magharibi ni maneno ya jua, yaliyotoka katika Kiarabu. Nusu iliyobaki ya dira ya Kiswahili ni mali ya mabaharia.

Maneno hayo yalifika Unyamwezi kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika Tabora: mingine iliendelea magharibi hadi Ujiji, mingine ikashika njia ya kaskazini, kuelekea ziwa ambalo Speke aliliona mwaka 1858. Kinyamwezi hakikuwa na upungufu wa maneno ya pande za dunia. Kilikuwa na sukuma, dakama, kiya na mweli, na mawili ya kwanza yamewapa watu majina, Wasukuma wa kaskazini na Wadakama wa kusini. Kilicholeta kaskazini na kusini ni lugha ya biashara, na biashara hiyo ilikuwa na ratiba yake. Tajiri wa Unguja aliangalia upepo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliangalia jembe, akapenda kuondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua za Novemba. Msafara ulipaswa kuzipatanisha kalenda hizo mbili.

Kilichopotea njiani ni kalenda ya bahari. Puge ilipokea majina ya pepo yakiwa yamekwisha kuwa majina ya pande. Neno umande ni mfano mwingine: kwa mvuvi wa pwani ni pia upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, unaomsukuma kwenda kuvua, bara ni matone juu ya majani, basi. Hakuna kosa katika hilo, kwani kila lugha inayosafiri huacha mizigo. Kosa liko kwa wanaleksikografia, ambao wameelekea kuichukulia maana iliyofika bara kuwa ndiyo maana kamili, na ile ya pwani kuwa pambo la lahaja.

Kamusi za lugha moja humpa msomaji mwelekeo wa upepo na pengine miezi yake. Kusi huwekwa chini ya K, matlai chini ya M, tanga mbili ikibahatika chini ya T, kila neno peke yake kama kisiwa. Lakini kwa nahodha maneno haya ni mfumo mmoja. Kaskazi hufuatwa na tanga mbili, wakati upepo unapogeuka na chombo hakina wa kuutegemea; kisha huingia kusi, yenye nguvu zaidi katikati ya mwaka; kusi ikilegea huja demani, bahari inapotulia; halafu matlai na mageuko mengine, hadi kaskazi irudi. Yote haya yalihesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia Nairuzi. Kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 iliukusanya msamiati wa mabaharia kwa bidii ambayo haijarudiwa, ingawa maelezo yake ni ya Kifaransa. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu anayetaka kujua maneno ya bahari ya lugha yake bado humkimbilia padri Mfaransa.

Baadhi ya wataalamu watasema kwamba huu ni msamiati wa majahazi, nao umekufa pamoja nayo. Tarehe zinawapinga. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu merikebu za Sultani Barghash kilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Kile cha Lindi kilikuja Aprili 1952. Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019. Jobo kilielekea pwani ya Tanzania Aprili 2021 kikafifia kabla ya kufika. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, kwa kuwa huko mzunguko wa dunia hautoshi kuupinda upepo uwe duara. Lakini hivyo vilivyoifikia au kuikaribia pwani hii vimekuja kaskazi ikiondoka na kusi ikiingia. Kiswahili kina jina la kipindi hicho, na jina hilo halifundishwi.

Badala yake kuna kimbunga, neno linalobebeshwa kila kitu. Upepo wa dakika chache unaoezua paa la darasa huko Nzega huitwa kimbunga. Kisulisuli cha vumbi la Septemba, kimbunga. Na tufani ya mamia ya kilomita, yenye jicho katikati, iliyosimamisha boti kati ya Dar es Salaam na Unguja mwaka 2024, nayo kimbunga. Aliyeona cha kwanza kikipita bila madhara makubwa atakipimaje cha tatu anapotangaziwa redioni? Dhoruba, tufani, chamchela na kisulisuli yapo tayari. Linalohitajika ni BAKITA kutenga kimbunga kwa dhana moja tu, na vyombo vya habari kuheshimu mpaka huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi kwa tarakimu, na tarakimu ni za lazima. Jina la upepo likitajwa kando yake, mvuvi atajua pia kama hali hiyo ni ya kawaida kwa wakati huo wa mwaka.

Tena si mvuvi peke yake. Kimbunga kinapokaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi pepo za magharibi huvuta unyevu kutoka bonde la Kongo na mvua huongezeka Afrika Mashariki. Kinapokaa katika Mlango wa Msumbiji huweza kuunyang'anya unyevu huo. Mkulima wa mpunga wa Puge, mwenye mvua za kipindi kimoja, Novemba hadi Aprili, ana hisa katika bahari asiyoiona. Mamlaka huziita mvua zake "mvua za msimu". Neno hilo limetokana na Kiarabu mawsim, majira yaliyowekwa, na mabaharia walilitumia kwa majira ya kusafiri. Lugha za Ulaya ziliyaita majira hayo ya pepo kwa neno hilohilo, kupitia Kireno. Puge leo ni msimu wa mpunga na msimu wa tumbaku, na manahodha wanaoweza kueleza ulikuwa msimu wa nini wanazidi kupungua, kwa sababu vijana wao wanatumia mashine na hawausubiri upepo.