Kupyana si kurithi: nyumba ya kambo na lugha ya tribinali

Katika mji wetu mtu anaweza kupoteza nyumba kwa sababu ya kitenzi kimoja. Sisemi hivyo kama mfano wa darasani. Kambo yangu, mwenye miaka 81, amepoteza ya kwake katika hukumu ya kwanza, na sababu kubwa iliyoandikwa ndani ya hukumu ile ni jibu alilolitoa yeye mwenyewe. Alijibu kwa Kiswahili. Jibu liliingia katika daftari la grefye kwa Kifaransa, likiwa na maana nyingine. Sasa kesi iko kwenye rufaa. Sitaji tribinali wala majina ya watu, kwa sababu majije wa rufaa bado hawajasema neno, na kwa sababu jambo ninalotaka kulisema halimhusu mtu mmoja. Linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha.

Kwanza mambo yenyewe, kwa ufupi. Kambo mwanaume alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipata parsele mwaka 1974 katika mtaa mmoja wa zamani wa Lubumbashi, akajenga na mke wake chumba kwa chumba, kwa matofali ya kuchoma. Karatasi za parsele zilikuwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 2013, akaacha mke na watoto watano, wanawake watatu na wanaume wawili. Kwao ni Kibemba, ambako mpwa, yaani mtoto wa dada, huchukua jina la mjomba wake. Kwa hiyo matanga yalipokwisha, jamaa walikaa, wakachagua mpwa mmoja apyane. Hakuna aliyepinga, hata kambo mwenyewe.

Miezi michache baadaye mpwa alikuja na karatasi ya Kifaransa. Alisema ni ya kufuatilia pensheni ya marehemu. Kambo hasomi Kifaransa. Alitia dole gumba. Karatasi ile ilikuwa ripoti ya mkutano wa jamaa inayomfanya mpwa kuwa likidatere wa mali yote ya marehemu, na ruhusa ya kuuza ndani yake. Tulilijua hilo mwezi wa pili wa 2022, mtu tusiyemfahamu alipobisha mlango akiwa na sertifika mpya ya parsele, yenye jina lake na umri wa miezi minne. Mwezi wa nne alirudi na polisi. Tangu siku ile kambo analala kwa mama mkubwa, katika chumba kimoja na wajukuu watatu.

Je, sheria ilikuwa upande wa nani? Sheria ya Familia, namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, bila kutenga msichana na mvulana, na inawapa robo tatu za urithi. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Mpwa hana nafasi katika kundi la kwanza, na katika kundi la pili anayetajwa ni mama yake, dada wa marehemu, ambaye bado yuko hai. Na likidatere kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Si mwenye mali.

Iko pia sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973. Hiyo inasema ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parsele inathibitishwa kwa sertifika. Sertifika ikishatimiza miaka miwili haigusiki tena. Aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia ya pesa tu, nyumba hairudi. Ndiyo maana jamaa walichangishana franga za avoka na kupeleka kesi mwezi wa sita wa 2022, kabla miaka miwili haijakwisha. Tulifika kwa wakati. Tulikuwa na sheria. Tulishindwa kwa sababu gani?

Siku ya kusikilizwa, jije alimwuliza kambo mpwa yule ni nani kwa marehemu. Kambo alijibu: "Njo ye alimupyana." Mkalimani, ambaye ni mfanyakazi wa ofisi ileile, akasema kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye mrithi wake. Grefye akaandika. Miezi ikapita, na katika hukumu ya 2024 tukasoma kwamba mdai mwenyewe amekubali kuwa muuzaji ni mrithi wa marehemu, basi hawezi tena kukana mamlaka yake ya kuuza.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi wanakijua kitenzi kile. Kiko katika Kibemba, kiko katika Kiluba, na Kiswahili cha Katanga kimekipokea kutoka huko. Kupyana ni kuchukua nafasi ya marehemu kati ya watu. Aliyepyana anapewa jina, watoto wa marehemu wanamwita baba hata akiwa mdogo kwao, anatazamiwa kuwalinda. Anachopokea ni uhusiano. Vitu vinaweza kufuata au visifuate, na hilo huamuliwa kwa maneno mengine kabisa. Mtu anapyana mtu, hapyani nyumba. Katika lugha ya kambo huwezi kusema "alipyana parsele" bila kuchekwa. Lakini kitenzi cha Kifaransa kilichowekwa mahali pake kinabeba watu na mali kwa pamoja, na mbele ya jije kinabeba mali zaidi.

Mtu anayejua lugha zote mbili angeona shimo lile na kulizunguka kwa sentensi mbili: jamaa walimpa jina la marehemu kwa desturi, hakusema kwamba walimpa nyumba. Mkalimani hakufanya hivyo. Simlaumu. Ni kijana mwenye adabu, aliyekulia mji mwingine, na hakuna shule iliyomfundisha kazi ile. Anajua Kiswahili na Kifaransa kama wengi wetu, na ofisi inadhani hiyo inatosha.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, lakini nao uko ndani ya hukumu. Kambo alisema: "Nilitokaka mu nyumba ile siku balikuyaka na polisi." Kilichoandikwa ni kwamba aliiacha nyumba mwezi wa nne wa 2022. Polisi wamepotea njiani. Kwa sikio letu, sentensi ile haina hiari ndani yake: nusu ya pili ndiyo inayoeleza nusu ya kwanza. Katika karatasi, mwanamke amehama kwa miguu yake, kama mtu aliyechoka na mtaa.

Kisha kuna karatasi zinazotembea kati ya vikao. Huisye alileta hukumu kwa mama mkubwa asubuhi moja, akamkabidhi kambo mkononi, akasema, "Ni karatasi ya tribinali, mama," akaenda zake. Muda wa kukata rufaa ni siku 30 tangu hukumu kukabidhiwa. Kambo aliiweka ndani ya Biblia, mahali pa kuwekea vitu vya maana, akingoja mtu wa kumsomea. Ilisomwa siku ya kumi na tisa. Avoka alikata rufaa siku ya ishirini na sita. Ingekuwa wiki moja baadaye, makala hii ingekuwa ya matanga ya nyumba.

Nazijua hoja za kunijibu, maana nimezisikia katika koridori zetu. Ya kwanza: nchi ina majimbo 26 na lugha zisizohesabika, sheria inahitaji lugha moja, na lugha hiyo ni Kifaransa. Sipingi. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006 kinasema hivyo. Lakini kifungu kilekile kinataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, na kinaitaka Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Na kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Ni haki nzuri. Mwizi wa kuku anaambiwa kosa lake kwa lugha yake. Bibi wa miaka 81 anapokea karatasi ya kumtoa nyumbani katika lugha asiyoisoma, kwa sababu hajakamatwa.

Hoja ya pili: Kiswahili hakina maneno ya sheria. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na mahakama za mwanzo huko zilikuwa zikikitumia tangu zamani. Maneno yapo. Hata hivyo tusidhani kwamba kuyabeba na kuyatua Lubumbashi kutamaliza kazi. Mwambie kambo habari za "mirathi", "wakili" na "hati miliki", atakutazama kama mgeni. Yeye anajua avoka, sertifika, parsele, likidatere. Na anajua kupyana, ambalo Dar es Salaam hawalijui. Msamiati unaotakiwa hapa lazima ukusanywe hapa, kutoka midomo ya watu wanaoitwa mbele ya jije. Na asiniambie mtu kwamba Kiswahili chetu si cha kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, watu waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za wazungu, waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hichihicho, na wataalamu wa dunia wanaisoma mpaka leo.

Hoja ya tatu: majije wenyewe wanaongea Kiswahili. Ni kweli. Jije wetu alimsalimia kambo kwa Kiswahili safi, akamwuliza habari za magoti yake. Lakini kinachohukumu mwishoni ni daftari, na daftari halikusikia Kiswahili. Jije wa rufaa, ambaye hakuwapo siku ile, atasoma kilichoandikwa tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote madogo. La kwanza: pale jibu la mtu linapogusa kiini cha kesi, grefye aliandike kama lilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri ifuate chini yake. Ni mstari mmoja zaidi katika daftari. Kama "njo ye alimupyana" ingekuwa pale, avoka wetu angekuwa na kitu cha kushika leo. La pili: kitivo chetu kifungue somo la ukalimani wa tribinali, hata la muhula mmoja, na kuwakaribisha wakalimani wanaofanya kazi sasa. La tatu: tukusanye msamiati wa ardhi, ndoa na urithi kama unavyosemwa Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, kila neno na maelezo ya linachobeba na lisichobeba. Nimeanza na maneno 30. Peke yangu sitafika 300.

Watu watauliza kama hiyo ni kazi ya isimu. Tunaandika kumbukumbu za mwisho wa masomo juu ya viambishi vya lugha ambazo wasemaji wake hawatazisoma kamwe kazi zetu. Sidharau hilo, mimi mwenyewe naandika juu ya kiambishi -ka. Lakini kiambishi kilekile kimo ndani ya hukumu ya kambo, katika "nilitokaka", na mahali pale kina thamani ya vyumba vinne na mwembe.

Limebaki jambo moja, nalo lina tarehe. Avoka wetu anataka kupeleka kwenye rufaa maelezo ya mtaalamu wa lugha juu ya kitenzi kupyana: asili yake, matumizi yake katika Kiswahili cha Katanga, na tofauti yake na kurithi. Amesema maandishi ya mjukuu hayatakuwa na uzito, na ana haki kusema hivyo. Yanatakiwa maandishi ya mwalimu, yenye sahihi na muhuri wa idara. Kurasa mbili zinatosha. Simwombi mwalimu yeyote aseme nyumba ni ya nani; hiyo ni kazi ya majije. Namwomba aseme neno lina maana gani, jambo ambalo kila mmoja wao hulieleza darasani bila taabu. Mifano niliyoikusanya, pamoja na ya wazee kumi na wawili niliowahoji, iko tayari kwa atakayeitaka. Kikao kijacho kimepangwa baada ya likizo.