Ukisikia harufu ya gesi, utafanya nini?

Msomaji, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mtaani Embakasi, Nairobi, ikaua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200. Tulilaumu wakubwa, na lawama ilistahili. Lakini je, wewe umejiandaa vipi nyumbani kwako?

Wengi wetu hulala mlango ukiwa na kufuli, na ajuaye ufunguo uliko ni baba peke yake. Hilo ni kosa. Uwekwe mahali panapojulikana na wote, hata watoto.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni ikingoja cheche. Ukiinusa, usiwashe taa wala kuizima. Funga mtungi, fungua madirisha na milango, kisha tokeni nje.

Mtu akiungua, usimpake dawa ya meno, unga wala mafuta, kwani huzidisha madhara. Mmwagie maji baridi, si barafu, kwa dakika 20, halafu mkimbize hospitalini.

Waeleze jamaa zako haya leo jioni. Gari la zimamoto huenda likachelewa. Dakika za kwanza ni zako.