Tanzi si Dawa ya Bweha

Mfugaji anayeamka alfajiri na kukuta mwana-mbuzi wake ameliwa, au banda la kuku limebaki manyoya matupu, ana haki ya kukasirika. Kwa mwananchi wa kipato kidogo, mbuzi mmoja ni sare na madaftari ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni akiba ya siku ya dhiki. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuzungumza naye juu ya bweha hana budi kwanza aikubali hasara hiyo, wala asianze kwa kumhubiria uzuri wa wanyama.

Lakini hasira ni jambo moja na dawa ni jambo jingine. Dawa inayokimbiliwa upesi ni tanzi: kipande cha waya wa breki ya baiskeli, au waya uliochunwa katika tairi kuukuu, hufungwa kitanzi na kutegwa penye upenyo wa kichaka apitapo mnyama. Gharama yake ni ndogo na halihitaji ustadi mwingi. Hata hivyo, tanzi halimwondolei mfugaji adha yake, bali humwongezea nyingine.

Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Tanzi halina macho. Lililokusudiwa bweha litamnasa ndama, mbwa wa jirani au digidigi asiye na kosa. Aliyelitega akilisahau, lenyewe halisahau kazi yake. Hukaa likingoja hadi waya uoze. Huko Serengeti, si simba wachache walioonekana na waya shingoni, ingawa mitego hiyo ilitegewa nyumbu. Na tangu mwaka 2017 vikosi maalumu vya kutegua mitego vimekwisha kuondoa makumi ya maelfu ya matanzi.

Yafaa pia tujiulize bweha mwenyewe ni nani. Si mla mbuzi tu. Chakula chake cha kila siku ni panya, wadudu, matunda ya porini na mizoga. Sasa tuitazame Mabogini. Kata hiyo, iliyo katika tambarare kusini ya mji wa Moshi, ni nchi ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, huyaleta maji ya mito Njoro na Rau katika mashamba ya wakulima. Palipo na nafaka pana panya. Na panya shamba aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Mkulima anayelinda mpunga na mfugaji anayelinda mbuzi mara nyingi ni mtu mmoja. Akimwua kila bweha apitaye, amemfukuza mlinzi asiyedai mshahara.

Wako watakaosema kwamba wakiuawa wote, adha itakwisha. Marekani ilijaribu njia hiyo kwa mnyama aitwaye coyote, ambaye ni jamaa ya bweha. Mwaka 1931 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwaangamiza wanyama waharibifu, na kwa miaka mingi ikatumia mitego, risasi na sumu. Hata leo coyote huuawa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Matokeo yake ni nini? Mnyama huyo ameenea karibu nchi nzima, hata katika miji mikubwa kama Chicago. Wenyeji wa eneo wakiuawa, wageni huja kulikalia. Ikiwa taifa lenye utajiri wote ule limeshindwa, waya wa baiskeli hautafaulu.

Tena ipo hatari ya afya. Bweha, kama mbwa, aweza kuwa na kichaa cha mbwa, na aliyenaswa angali hai huuma. Mtu aliyeumwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Kinga yake inajulikana: wataalamu wanashauri kwamba asilimia 70 ya mbwa wote wachanjwe.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza uwindaji wa kutumia matanzi. Mwananchi anayetafuta kulinda mbuzi mmoja asije akajikuta mahakamani.

Basi afanye nini? Jibu liko mlimani, si mbali na Mabogini. Katika vihamba vya Uchagani, tangu enzi za mababu, ng'ombe na mbuzi wamefugwa ndani na kukatiwa majani. Huko tambarare mifugo huchungwa, na si rahisi kuifungia mchana kutwa. Lakini usiku yaweza kulala katika boma la miiba iliyoshonana, mbuzi mwenye mimba aweza kuzalia ndani, na kuku waweza kufungiwa kabla ya magharibi. Mizoga nayo ifukiwe, isije ikawaalika wageni tusiowataka.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi wa umma unapoonekana. Afisa mifugo asingoje ofisini apelekewe malalamiko. Aende akaonyeshe boma linavyojengwa. Mwalimu awafundishe wanafunzi faida ya bweha na hatari ya tanzi, maana mtoto ndiye mchungaji. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kimekuwapo juu ya mlima huohuo tangu mwaka 1963, kikiwafundisha wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Itakuwa aibu ikiwa elimu hiyo inavuka mipaka ya nchi lakini haishuki hadi Mabogini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni boma bovu. Tuuzibe, na matanzi tuyategue.