Keki ya Bibi Kizee wa Dazaifu

Mwezi Februari 2019 tulikuwa Japani kwa mafunzo mafupi ya uuguzi. Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka Dazaifu, katika kisiwa cha Kyushu, kwenye hekalu la kale la Kishinto. Hatukwenda kuabudu, bali kuona na kujifunza. Miplamu yapata 6,000 ilikuwa ikichanua maua meupe na mekundu, majani bado. Kabla ya kusogea mbele, kila mgeni alinawa mikono kwa maji ya kata. Sisi wauguzi tulifurahi!

Hekalu limejengwa juu ya kaburi la Sugawara no Michizane, msomi aliyesingiziwa, akahamishwa kutoka Kyoto mwaka 901, akafia Dazaifu mwaka 903. Hadithi husema mplamu aliokuwa akiupenda uling'oka ukaruka usiku kumfuata. Mti unaoitwa kwa hadithi hiyo umesimama mbele ya jumba kuu la mwaka 1591.

Wajapani humheshimu kama mlinzi wa elimu. Wazazi huandika maombi ya mitihani ya watoto wao kwenye vibao vya mbao na kuvitundika hapo. Mbele ya vibao hivyo tulimkumbuka binti yetu. Mwaka alioshindwa mtihani wa kidato cha nne, tulikaa siku tatu bila kusema naye ila kumtuma kazi. Hakuja mezani, nasi hatukumwita.

Njiani waliuza keki ndogo za mchele zilizochomwa, zenye maharage matamu ndani. Huitwa umegae mochi, yaani keki ya tawi la mplamu. Husimuliwa kwamba bibi kizee mmoja alimwona yule msomi akiwa na njaa kifungoni, akachomeka keki kwenye tawi la mplamu, akampitishia dirishani.

Bibi yule hakuuliza kosa lake. Alimlisha kwanza. Sisi tulikuwa na sufuria imejaa jikoni, na mtoto wetu alilala njaa.

Tuliporudi nyumbani tulimwomba radhi binti yetu, ambaye sasa ni mtu mzima. Alicheka, kisha akalia.

Mama mpendwa, matokeo yakitoka na mtoto akaingia ameinamisha kichwa, mpakulie chakula, uketi naye. Maswali yatangoja hadi kesho.

Hadi mwezi ujao, Bwana awalinde.