Uchambuzi: Maji ya visima vya Bujumbura yana umri gani?

Mkazi wa Buyenzi anayeamka usiku wa manane kuvizia bomba hahitaji kuelezwa maana ya uhaba wa maji. Katika miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limefurika hadi Gatumba, lakini maji ya REGIDESO husukumwa kutoka ziwani kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika, bomba nalo hukauka. Ndiyo maana kisima kirefu huonekana kuwa suluhisho la haraka. Hata hivyo, kuna swali linalopaswa kutangulia uchimbaji: maji hayo yaliingia ardhini lini?

Sayansi ina njia ya kulijibu. Mvua inapopenya udongoni hubeba kaboni-14 itokayo hewani na kwenye mizizi ya mimea. Yakishazama, maji hayapati tena kaboni hiyo, na iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa kupima kilichosalia, maabara hukadiria umri wa maji hadi takriban miaka 40,000. Visima vikipimwa kwa mfuatano kutoka milimani hadi bondeni, tofauti ya umri huonyesha maji yanaelekea wapi na kwa kasi gani.

Katika ukanda wetu hesabu hiyo yataka tahadhari. Volkano hutoa kaboni ya kale isiyo na kaboni-14, kama ile iliyoyeyuka katika vina vya Ziwa Kivu. Ikichanganyika na maji machanga, huyafanya yaonekane makongwe. Hivyo wataalamu hupima pia tritiamu, iliyoongezeka angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960.

Jibu lina uzito kwa mtumiaji. Maji machanga hujazwa upya na mvua, lakini huchafuliwa upesi na vyoo vya jirani. Maji makongwe ni akiba: anayeyachota kwa pupa anakula mtaji, si faida.

Burundi ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, ambalo husaidia nchi wanachama katika vipimo hivi. Kwa hiyo, kila mradi wa kisima unapozinduliwa, mwananchi ana haki ya kuuliza si kina chake tu, bali pia umri wa maji yake na nani atakayeyalinda.